Meya Aliyekuja Kuniposea na Mkokoteni wa Sabuni

Pwaaa! Pwaa-pwaa!

Wembe ukanisimama shavuni.

Honi ile ilikuwa haijasikika mjini kwetu tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani. Ni honi ya mpira, ya kubinya, na mlio wake ni kama bata aliyekanyagwa. Ukiisikia mara moja huisahau.

Jikoni mwiko ukaanguka.

"Solofo!" Mama akaita. "Umesikia, au ni mimi nimeanza kuzeeka?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi chungulia. Mimi nina sufuria motoni."

Nikafungua dirisha la ghorofani. Baridi ya Julai ikanipiga usoni.

Chini, mbele ya geti letu, alisimama Meya wa mji.

Hakuja na gari wala dereva. Alishika mikono ya mkokoteni wa mbao uliochakaa, kofia ya majani kichwani, lamba, shuka nyeupe ya heshima, imezungushwa mabegani juu ya suti. Mkokoteni ulijaa miche ya sabuni ya bluu, imepangwa kama matofali. Na juu ya sabuni, limefunikwa kwa jani la mgomba, paja la kondoo na mkia wake.

Kwetu paja la kondoo halitembezwi asubuhi namna ile ila kwa kazi moja. Ukiliona unajua kuna binti anakwenda kuombwa.

Na binti aliyekuwa anakwenda kuombwa asubuhi ile alikuwa mpenzi wangu.

"Shuka, Solofo!" Meya akaniita. "Tunachelewa. Mshenga wako ni mimi."

Ndugu zangu, nikafunga dirisha, nikalifungua tena; bado yupo.

Ili mnielewe, lazima niwaambie huyu Meya ni mtu wa namna gani.

Jina lake ni Rabenja, lakini Ambohimirana nzima inamwita Povu, hata usoni. Alianza kwa kuchemsha sabuni kwenye pipa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, kwa mafuta ya ng'ombe na majivu. Akaisukuma mtaa kwa mtaa kwa mkokoteni na honi.

Hakuwahi kunadi. Kusema kulimshinda tangu utotoni. Honi ndiyo ilikuwa mdomo wake. Unatoka nje, anakuonyesha sabuni, unalipa, anainamisha kichwa, anakwenda zake.

"Mwanamume pekee mtaa huu asiyetuchosha kwa maneno," mama zetu walisema, na wakanunua.

Wakanunua mpaka pipa likawa kiwanda, mkokoteni ukawa malori, honi ikatundikwa ukutani. Na mambo ya mji yalipooza, wanawake wa sokoni wakamsukuma agombee umeya. Walimsukuma kwelikweli, kwa mikono, mpaka jukwaani.

Sasa, kwetu kiongozi asiyejua kusema ni kama mpishi anayeogopa moto. Tuna hotuba ya mtoto kuzaliwa, ya kuoa, ya kuzika, hata ya kufungua duka la baiskeli. Tunaiita kabary. Na kabary yoyote huanza kwa kuomba radhi. Unaomba radhi kwa kusimama mbele ya waliokutangulia, kwa kufungua mdomo wakati wapo wenye midomo mizuri kuliko wako. Wasikilizaji wakikujibu, "Huna lawama," ndipo unaruhusiwa kuanza. Wasipojibu, hujasema kitu, hata uwe umekauka koo.

Mpinzani wa Povu alikuwa Ingahy, yaani Mzee, Ratsimba. Huyo ndiye bingwa. Akisimama kuzungumza, hata mbwa wa sokoni hukaa chini. Siku ya mkutano mkubwa wa kampeni alishusha methali kama mvua ya Januari, wazee wakafuta machozi.

Kisha akasimama Povu.

Hakuomba radhi. Hakuinama. Alisema, "Choo cha soko kinanuka. Mkinichagua, nitakisafisha."

Akakaa.

Halafu mwanamke mmoja muuza nyanya akaangua kicheko, akapiga makofi, na makofi yakasambaa kama moto wa nyasi. Povu akashinda. Choo kikang'aa mpaka watu wakawa wanakwenda bila haja, kutazama tu.

Ingahy Ratsimba akafunga mlango wake. Hakuonekana tena kwenye mkusanyiko wowote wa mji.

Mimi naingia hapo. Mimi ni mtu wa beti. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusimama kwenye viwanja vya Jumapili, nikisikiliza vikundi vya waimbaji vikishindana, mpaka nyumbani wakadhani nimepotea. Na yeyote anayesema beti zangu zinachechemea, aje na zake tuzipange barabarani.

Povu aliniajiri nimwandikie hotuba. Kazi ilikuwa nzuri. Msomaji ndiye alikuwa balaa.

Kwa ufunguzi wa daraja jipya nilimtungia hivi:

*Daraja tumelijenga, mto umepata bwana,*
*Jana tulikuwa mbali, leo twaweza shikana.*

Unaona? Maji yenyewe yangesimama kusikiliza.

Beti zile hazikuwahi kusomwa. Povu alianza kuomba radhi. Akaomba kwa wazee, tukamjibu, "Huna lawama!" Akaomba kwa akina mama. "Huna lawama!" Akaomba kwa wavuvi, kwa mafundi, kwa waliolala na kwa waliosafiri. Huku anaomba, macho yake yanazunguka kwenye umati kama mtu aliyepoteza mbuzi. Watu walijibu mpaka sauti zikakauka. Mvua ikaja. Tukatawanyika. Utepe haukukatwa.

Na kwa kuwa kitu ambacho hotuba yake haijaisha si kitu kilichofunguliwa, utepe uliachwa pale pale. Mpaka siku hii ninayoisimulia, watu walikuwa wakipita chini yake wameinama, na vikapu na kuku wao. Wakaliita Daraja la Kuinama.

Ikawa hivyo kwa zahanati. Ikawa hivyo kwa shule. Mji mzima una tepe zilizopauka.

Huyo ndiye aliyekuja kuniposea.

Tena kuniposea kwa nani? Vololona, mwanga wa macho yangu, amelelewa na baba yake mkubwa. Na baba yake mkubwa ni Ingahy Ratsimba.

Sasa umeanza kuuona msiba wangu.

Mzee alikuwa amekataa katakata kijana anayekula mkate wa Povu. Vololona akamwambia, "Baba mkubwa, ama Solofo, ama naingia kwa masista." Mzee akajua binti hatanii. Akatoa sharti: posa ije mara moja tu. Atamjibu mshenga yeye mwenyewe. Mshenga akiharibu, habari imekwisha, wala tusirudi hata kuomba moto wa kuwashia jiko.

Ndiyo maana tulimtafuta Edmondi, msemaji wa pili kwa ubora baada ya Ratsimba mwenyewe. Jana yake tu alikuwa ananihakikishia, "Kijana, lala usingizi. Nitamlainisha mzee kama siagi."

Nikashuka ngazi na povu bado nusu ya uso.

"Meya, Edmondi yuko wapi?"

"Ana shughuli."

"Shughuli gani asubuhi ya posa yangu?"

"Ya kusema," Povu akajibu, akatazama magurudumu.

"Meya, nakuheshimu kama baba. Lakini yule mzee atakutafuna, kisha atanitemea mimi mifupa."

"Najua."

"Sasa?"

Akabinya honi. Pwaa.

Mama akatoka na kikombe cha maji ya ukoko wa wali, ya moto, yanafuka. "Kunywa, Meya, koo lisije likakukimbia." Kisha akanivuta pembeni. "Mwanangu, jua limeshatoka na wenzetu wametandika mikeka. Mshenga mbovu ana afadhali kuliko mkeka mtupu."

"Mama, huyu si mbovu. Huyu ni ajali."

"Basi funga mkanda. Na kumbuka, bwana harusi hasemi. Ukifungua mdomo mbele ya wakwe, umeipasua posa kwa mkono wako. Kwa yule mzee hata ukikohoa atahesabu."

Mimi, ninyamaze! Afadhali wangeniambia nisipumue.

Tukaondoka. Povu anasukuma, mimi na Mama nyuma. Wavuta riksho waliona wakasimamisha kazi.

"Povu! Umefilisika?"

Pwaa!

"Meya, unatafuta kura au unatafuta sabuni zako za zamani?"

Pwaa-pwaa!

"Solofo, huyo ndiye mshenga? Anza kuzoea upweke, kaka!"

Nilikuwa na majibu kumi yenye vina. Niliyameza yote. Njia nzima nilikuwa namnong'oneza Povu maneno ya kufungulia, naye anaitikia kwa kichwa, kama ukuta unaoitikia.

Nyumba ya Ingahy Ratsimba ni ya matofali mekundu, ina roshani ya mbao. Mlango ulikuwa umefungwa, ingawa walijua tunakuja. Povu akabinya honi.

Mlango ukafunguka polepole. Alikuwa Ratsimba mwenyewe. Akamtazama Povu, akautazama mkokoteni, akatazama honi kwa muda mrefu kuliko vyote. Nilidhani atafunga. Akasogea pembeni tupite.

Ndani walikuwa wamejaa ndugu. Vololona amekaa kati ya mashangazi, macho chini, mdomo ukizuia kicheko. Povu alionyeshwa kiti. Akakikataa. Akaketi sakafuni karibu na mlango, wanapokaa watoto na ndoo.

"Tulisikia mlio," Ratsimba akaanza, kabla hata hajakaa sawasawa. "Tukadhani bata wa jirani kapotea. Kumbe ni serikali."

Mashangazi wakacheka.

"Karibuni. Lakini semeni mapema, kama ni sabuni, tunayo."

Povu akasimama. Ile karatasi ya kichwani niliyomwandikia njia nzima niliiona ikipeperuka.

"Naomba radhi," akasema, "kwa wazee. Kwa mashangazi. Na kwa wahenga, wa kona ile."

Akanyoosha kidole.

Nikafumba macho. Kona ya wahenga, katika kila nyumba yetu, ni kaskazini mashariki. Mtoto wa miaka mitatu anaijua. Povu alikuwa amenyoosha kidole kusini, kwenye tenga la kuku.

"Kuku wangu wamepokea salamu," Ratsimba akasema. "Faini."

Mshenga akikosea hutozwa, ndiyo mila. Povu akatoka nje, akarudi na mche wa sabuni, akauweka mbele ya mzee.

Akaanza upya. Akamtaja shangazi mdogo kabla ya shangazi mkubwa.

"Faini."

Mche mwingine.

Akamwita babu aliyefariki kana kwamba yupo chumba cha pili.

"Faini. Na ukimpata, muulize anarudisha lini jembe langu."

Nyumba ikavunjika kwa kicheko. Sabuni zikaanza kuwa ukuta mdogo. Shangazi mmoja akasema, "Kaka, mwache aendelee kukosea, mvua zinakuja na nguo ni nyingi."

Mimi jasho linanitoka ndani ya baridi. Kila faini niliona Vololona akisogea mbali, akivaa kitambaa cha kitawa, akipotelea nyuma ya ukuta wa masista. Mdomo wangu ukafunguka. Mama akanifinya pajani, akasokota. Nikaufunga.

Kisha ikatokea ile niliyokuwa naiogopa. Kama pale darajani. Macho ya Povu yakaanza kuzunguka chumbani.

Ila safari hii yalisimama. Yalisimama usoni kwa Ratsimba.

Povu akavua kofia.

"Ingahy," akasema. "Mimi nimejenga daraja. Zahanati. Shule. Kila nikisimama kufungua naomba radhi. Watu wananijibu, 'Huna lawama.' Namtafuta mtu mmoja katika umati anijibu yeye. Hayupo. Sasa nitaanzaje hotuba? Radhi yenyewe haijafika."

Akaizungusha kofia mikononi, akaendelea.

"Siku ile ya mkutano, wewe ni mkubwa kwangu. Nilifungua mdomo bila kukuomba ruhusa. Wote wakadhani ni ujanja. Haukuwa ujanja, Ingahy. Nilikuwa naogopa. Kichwa changu kilikuwa na nafasi ya sentensi moja tu. Nilijua nikianza kukuomba radhi, nitasahau ile ya choo."

Shangazi mkubwa akajifunika mdomo kwa lamba. Sijui alikuwa anacheka au vipi.

"Kwa nini hukuja mlangoni kwangu?" Ratsimba akauliza. Sauti yake haikuwa ile ya jukwaani.

"Nilikuja. Ukauliza kwa ndani, 'Nani, na ana shida gani?' Nikashindwa kusema. Nikarudi. Nikaja tena. Nikarudi tena."

"Ni kweli, Baba mkubwa," Vololona akasema, macho yake bado chini. "Mimi nilimwona dirishani. Mara moja alisimama mpaka viatu vikalowa."

Povu akaendelea, "Ndipo nikakumbuka. Mlango huu, enzi za marehemu mama wa nyumba hii, ulikuwa unafunguka kwa honi. Nilikuwa sihitaji kusema kitu. Nikaishusha ukutani."

Ratsimba akachukua mche mmoja kwenye ule ukuta wa faini. Akaugeuza. Akaunusa.

"Ni ile ile?"

"Ile ile. Hii niliichemsha mwenyewe. Kwenye pipa."

Mzee akaushika mche ule kwa mikono miwili. Bingwa wa maneno wa mji mzima akawa hana hata moja. Kuku kwenye tenga wakajisogeza. Nje wavuta riksho walikuwa wamejipanga ukutani, wametega masikio.

"Huna lawama," Ratsimba akasema.

Povu akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mchele.

"Haya," mzee akasema, akifuta pua kama vile ni mafua. "Sasa anza. Mlikuja kutaka nini?"

Povu akamtazama. Akautazama mkokoteni kupitia mlangoni. Akanigeukia mimi, na nikaona waziwazi kwamba amesahau.

Nilimwonyesha Vololona kwa nyusi. Nyusi hazijakatazwa.

"Aa!" Povu akasema. "Kijana anampenda binti. Binti anampenda. Tunaomba."

Akakaa.

Ratsimba akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mashangazi wakamfuata, mpaka ukuta wa sabuni ukaporomoka. "Mtu huyu! Tena kwa sentensi! Lakini safari hii umeomba kwanza. Leteni hilo paja la kondoo kabla mbwa hawajaliposa wao."

Basi ndugu zangu, nikapewa.

Tulipokuwa tunakula, mzee akauliza, "Lakini mlisema mshenga ni Edmondi. Yu mgonjwa?"

Povu akatafuna polepole. "Mzima. Nilimwomba asubuhi akanifungulie daraja. Nikamwambia posa nitakwenda mimi."

Nikalirudisha tonge la wali sahanini.

"Meya! Ulimwondoa mshenga wangu makusudi?"

"Leo ndiyo siku pekee," akasema, na macho yake yalikuwa meupe hayana hila, "ambayo Ingahy asingeweza kuondoka nikiwa nasema. Mwenye binti hatoki hadi mshenga amalize. Na mimi nachelewa kumaliza."

Ningeandika nini hapo? Nilikuwa nimemwona miaka yote kama mtu asiye na maneno. Kumbe alikuwa na neno moja tu, amelibeba kama yai, anamtafuta mwenye nalo. Na alikuwa tayari kulipitisha juu ya mgongo wa posa yangu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Jioni tukaenda wote mtoni. Umati ulikuwa pale, watu wanapiga miayo. Edmondi alikuwa juu ya jukwaa, jasho linamtiririka.

Alikuwa bado anaomba radhi kwa niaba ya Meya.

"Edmondi," Ratsimba akaita kutoka nyuma, na umati ukageuka wote kwa mkupuo, kwa sababu sauti ile walikuwa hawajaisikia kwa muda mrefu. "Huna lawama. Shuka, mwanangu, ukale." Akachukua mkasi, akampa Povu. "Kata, Meya. Kesho zahanati. Keshokutwa shule. Nitakuwapo."

Utepe ukaanguka. Watu wakavuka wamesimama wima. Bibi mmoja aliinama kwa mazoea, wajukuu wakamcheka.

Na beti zangu? Hakuna aliyezikumbuka. Nilikuwa nazo mfukoni. Beti nzuri zile, jamani.

Mimi ninayeishi kwa maneno nawaambia hivi: samahani haina haja ya vina. Ina haja ya kufika kwa mwenyewe, hata kama itabidi uisukume kwa mkokoteni.

Katikati ya daraja Vololona akasimama, akanishika pindo la lamba.

"Solofo, niahidi kitu. Kwa sauti, watu wasikie."

"Sema."

"Siku ukinikosea, usije na shairi."

"Hata ubeti mmoja?"

"Hata mstari. Njoo mlangoni, useme samahani, kisha unyamaze."

Nyuma yetu Mama alianza kucheka. Povu alisimama pembeni na honi yake, kama shahidi.

Nikameza kiburi changu, kikashuka kwa shida kama mfupa.

"Vololona," nikasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo zote mbili za mto, "naahidi. Nitakuja. Nitasema samahani. Nitanyamaza."